Kituo Mlangoni kwa Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Nimejiponza. Jana, nyumbani kwa mama mkwe, baada ya chakula, mbele ya ukoo mzima. Mjomba mmoja wa mke wangu aliuliza ofisini kwetu tunafanya nini hasa. Ningesema tu kwamba tunapanga usafiri wa jiji na vitongoji vyake kwa miaka ishirini na mitano ijayo, kisha nirudi kuchokonoa meno. Wapi. Nikasema basi litapita mlangoni kwa Mama. Nikasema kituo nimeshakichora kwa mkono wangu huu. Nikaunyoosha na mkono wenyewe, wauone.

Mama mkwe aliweka chini sahani aliyoishika. Magoti yake yamechoka. Nyumba iko juu ya kilima, mabasi yanaishia chini barabara kuu, na kila Alhamisi lazima ashuke na fimbo kwenda kliniki, kisha apande tena, akipumzika kwenye kuta za watu. Mke wangu amembembeleza aje akae kwetu, hataki hata kusikia. Basi akaniangalia. Akanyanyuka, akakivuta kile kiti cha mikono cha marehemu baba mkwe, ambacho hakuna aliyekikalia tangu msiba, akaniambia kaa hapa baba. Tangu nioe nilikuwa nakalia stuli ya jikoni. Nikakaa. Kiti kitamu sana. Mke wangu alinitazama kwa jicho la kuuliza kama nina akili timamu.

Leo ofisini nimekwenda moja kwa moja kwenye ramani ya rasimu. Njia kuu ya mabasi inapita mbali kabisa na kilima cha mama mkwe. Upande huo wa mashariki ni wangu mimi. Wa magharibi ni wa Rula, ambaye anakaa meza inayotazamana na yangu, na tunamwita hivyo kwa sababu hatembei bila rula, hata msalani. Sote wawili tunakitaka cheo cha mkuu wa kitengo. Nimeona kaanza kuchorachora vijistari vya penseli upande wangu, pale pale kilimani. Sikuvisoma. Penseli ya mtu mwingine kwenye ramani yangu siisomi, ni suala la heshima.

Nikamwuliza Mkurugenzi, kwa kuzungukazunguka, kama njia inaweza kusogezwa kidogo. Mkurugenzi wetu ni mama mpole, hapandishi sauti, na hilo ndilo linalotisha. Akasema njia hazisogezwi na sisi, zinasogezwa na takwimu. Wanahesabiwa wanaopita, wanaulizwa wanakotoka na wanakokwenda, kompyuta inakadiria mji utakavyokua, halmashauri zinakaa zinapiga kura. Akaongeza kwamba makutano ya kilimani yatahesabiwa upya Alhamisi, nisubiri. Nikasema sawa. Lakini neno hilo la kuhesabiwa upya limenikaa kichwani.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata dawa, na nimeipata nikipiga mswaki. Kama njia inafuata takwimu, basi takwimu zipelekwe kilimani. Si kughushi. Mimi si mtu wa kughushi. Vyombo vitapita kweli na wahesabuji wataviona kweli kwa macho yao. Kosa liko wapi?

Nimemwendea shemeji, mdogo wa mke wangu, mwenyekiti wa kijiwe cha pikipiki pale chini ya kilima. Nikamwomba Alhamisi yeye na wenzake wapite makutano, wapande, wazunguke nyuma ya tangi la maji, warudi. Mchana kutwa. Akauliza wao wanapata nini. Nikamwambia kijiwe chao kitaingia kwenye ramani rasmi ya jiji, kwa jina lake, na kamchoro ka pikipiki pembeni. Macho yakamtoka. Akasema kwa hilo hata matairi yaishe. Akauliza kama Mama aambiwe. Nikamwambia hapana, hii ni zawadi yake, asijue kitu.

Rula naye leo kaja mezani kwangu na penseli yake, akasema kuna jambo la kilimani anataka tulijadili. Nikamwambia kilima changu nakijua. Akasimama kidogo, akarudi kwake. Namjua Rula. Anataka baadaye aseme mbele ya Mkurugenzi kwamba nilihitaji msaada. Nimemkazia macho mpaka saa ya kutoka.

Alhamisi, 6 Machi

Aibu. Naiandika hapa ili nisiirudie.

Mambo yalianza vizuri. Wahesabuji wawili walikaa pale makutano chini ya mwavuli mkubwa, kila mmoja na kimashine chake cha kubofya. Chombo kikipita, anabofya. Mimi nilikwenda kama msimamizi, na fulana ya kung'aa ya ofisi. Shemeji na kundi lake wakaanza. Wakapanda, wakashuka, wakapanda. Vimashine vikalia mfululizo nami nikacheka kimoyomoyo.

Kisha mmoja wa wahesabuji, mama wa makamo mwenye macho makali, akasema pikipiki za huku zinafanana sana. Akasema hasa yule mwenye kofia nyekundu, kapita mpaka wamezoeana, sasa wanasalimiana. Kofia nyekundu ni shemeji. Na kweli alikuwa akimpungia mkono kila akipita, mjinga yule. Nikamwambia yule mama kwamba kofia nyekundu ndiyo mtindo wa mtaani mwaka huu. Akabofya. Nikamfuata shemeji nyuma ya tangi nikamwambia abadilishe kofia. Akabadilishana na mwenzake. Sasa ikawa kofia ileile, kichwa kingine, na huyo naye akapunga mkono.

Malori sikuyaomba. Naapa. Shemeji aliona pikipiki hazinogi, akawaita marafiki zake wa malori ya mchanga. Kilima kikawa vumbi na honi. Barabara ile haijaona kitu kama hicho tangu ichongwe.

Hapo lango la mama mkwe likafunguka. Nilikuwa nimesahau kabisa. Alhamisi ni kliniki. Alitoka na fimbo, na mkoba, na kitambaa cha kichwa alichokifunga vizuri. Akasimama ukingoni avuke. Lori likapita. Zikapita pikipiki. Akanyanyua fimbo kuomba njia, zikaja nyingine, akarudi nyuma. Mwanawe wa kumzaa alimpita na hakumwona, macho yake yako kwa yule mama wa kubofya. Mimi ningevuka, ningemshika mkono, ningesimamisha hata lori kwa fulana yangu ile. Lakini angeniuliza nafanya nini pale. Nikajibanza nyuma ya mwavuli. Mtu mzima, mwenye shahada, nimechuchumaa nyuma ya mwavuli namkimbia mama mkwe.

Alisimama sana. Kisha akaketi juu ya jiwe la langoni, akakifungua kitambaa, akajipangusa vumbi usoni, akarudi ndani. Kliniki hakwenda.

Jioni alimwambia mke wangu kwenye simu kwamba leo mtaani kulikuwa na harusi au msiba wa mtu mkubwa, hakuelewa. Mke wangu akaniuliza kama najua lolote. Nikasema sijui. Chakula hakikupita kooni. Baadaye kikapita.

Jumanne, 11 Machi

Takwimu zimeingia kwenye kompyuta. Mkurugenzi kaziangalia, kaziangalia tena, akasema mashariki kumeamka. Akanisifu kwa kuwa karibu na eneo langu. Rula akasema yeye alikuwa kilimani juzijuzi na hakuona hata lori moja. Nikamwambia mji unakua ndugu yangu, wewe endelea kupiga mistari. Ofisi nzima ikacheka. Nikajiona nimerefuka.

Ile aibu ya Alhamisi imepungua. Nimejieleza hivi: Mama kakosa kliniki siku moja ili apate basi maisha yake yote. Hesabu hiyo inakubalika. Hata hivyo nimemtuma mke wangu ampelekee maziwa na matunda, na nikamwambia asiseme yametoka kwangu, halafu nikamwambia aseme.

Alhamisi, 13 Machi

Nimekwisha.

Ramani mpya imebandikwa. Nimelitafuta basi la kilimani, halipo. Kuna mstari mwekundu mnene kama kidole gumba, unakipanda kilima chote. Barabara pana, njia ya kwenda peke yake na ya kurudi peke yake, na hifadhi ya barabara kila upande. Nikauliza basi liko wapi. Mkurugenzi akanieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mgeni. Kompyuta haikuona watu wanaohitaji basi. Iliona watu ambao tayari wana pikipiki zao na malori yao, hawana shida ya basi, wana shida ya barabara. Jambo hili nimelisomea. Nimelifanyia mtihani nikafaulu. Nimewahi kuwafundisha wanafunzi waliokuja kwa mazoezi, mikono mfukoni, nikijisikia.

Nikaichukua rula ya Rula bila ruhusa, nikapima. Mstari unapita sebuleni kwa mama mkwe. Katikati hasa. Pale kilipo kiti.

Halafu nikaona vile vijistari vya penseli vimefutwa. Nikamwuliza Rula vilikuwa vya nini. Akasema alikwenda kliniki kuwauliza wagonjwa wanafikaje, akakuta wazee wengi wa kilimani wanakuja kwa miguu. Akapendekeza basi dogo la kupanda mpaka juu na kushuka, lipite malangoni mwa watu. Hilo ndilo alilotaka tulijadili siku ile. Mkurugenzi alikuwa ameshalikubali. Lakini takwimu mpya zimeliondoa, kwa sababu basi dogo haliwezi kusimamasimama kwenye barabara ya malori mengi namna ile.

Kwa hiyo Mama alikuwa na basi lake. Lilikuwa pale kwenye ramani, kwa penseli, na aliyelifuta ni mimi, kwa jasho langu mwenyewe. Nimekwenda msalani nikakaa humo mpaka mtu akagonga.

Nilikusudia kumweleza Mkurugenzi ukweli leo leo. Nilifika mpaka mlangoni kwake. Nikamsikia ananisifu kwa mtu kwenye simu. Nikarudi kwangu.

Jumapili, 16 Machi

Wapimaji wamepita kilimani kupigilia vigingi vya awali. Kimoja, kichwa chekundu, kimechomoza uani kwa mama mkwe, karibu na mlango wa jikoni. Majirani wameingiwa na kiwewe. Mama hana wasiwasi hata chembe. Amewaambia watulie, ramani anachora mkwe wake, na hapo kilipo kigingi ndipo basi litakaposimama. Jirani mmoja akamwambia kigingi chekundu hakijawahi kumletea mtu heri. Mama akamjibu kwamba wivu nao ni ugonjwa, aende kliniki.

Amefagia kukizunguka. Amekipangia mawe madogo pembeni. Na ameweka benchi, benchi jipya la mbao, kamtafuta fundi alitengeneze, ili abiria wasisubiri wima. Akanikalisha ili nilijaribu. Nikasema benchi zuri Mama. Akasema amelifanya refu makusudi, kwa kuwa wazee wa juu huku ni wengi.

Ndani akanionyesha kiti cha mikono. Nikasema leo mgongo unasumbua, nitakalia stuli. Hakukubali. Nikakaa kwa tako moja. Akasema marehemu angefurahi kuona kiti kimepata mwenyewe. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, mimi na kiti.

Nimepanga hivi. Jumatano kuna mkutano wa hadhara wa kupokea maoni ya wananchi. Mama asije. Asipokuja hatajua, na asipojua nitapata nafasi ya kulitengeneza kimyakimya. Nimemwambia mkutano umeahirishwa. Akasema pole na kazi baba.

Jumatano, 19 Machi

Naandika nimesimama. Kukaa siwezi.

Mkutano ulikuwa ukumbi wa shule. Ramani tulizibandika ukutani. Ile ya mashariki niliibandika mimi, kisha nikaufungua mlango mpaka ukaifunika, nikauzuia kwa tofali. Nilijiona fundi. Watu wakajaa, wenyeviti wa halmashauri safu ya mbele, Mkurugenzi akaanza kueleza. Mara akaingia mama mkwe, kavaa nguo zake za kwenda harusini, kashikwa mkono na shemeji, kijiwe kizima nyuma yao. Shemeji sikuwa nimemwambia kwamba mkutano umeahirishwa. Hilo sikulifikiria. Mtu akampisha Mama kiti mbele kabisa.

Nikajificha nyuma ya nguzo. Nguzo za ukumbi ule ni nyembamba.

Mama akaomba kipaza sauti. Akasema yeye hana malalamiko, amekuja kushukuru. Akasema wazee wa kilimani wamepanda kwa miguu miaka mingi wakiona wamesahauliwa, na sasa wamekumbukwa, na kijana aliyewakumbuka ni mkwe wake, asimame watu wamwone. Makofi. Mimi nilikuwa nimesimama tayari, nikatoka tu kwenye nguzo. Mkurugenzi akaniangalia, akamwangalia Mama, akamwuliza kwa upole nyumba yake ni ipi. Mama akasema ile yenye benchi, palipo kigingi. Mkurugenzi akaagiza ramani ya mashariki iletwe. Rula akaitafuta ukuta mzima. Mwishowe akaliona tofali.

Mkurugenzi hakumficha. Akamwambia kigingi kile si kituo, ni katikati ya barabara, na nyumba imo ndani. Mama hakulia wala hakufoka. Akageuka, akaniuliza kama nilijua. Kipaza sauti kikiwa bado mdomoni, kila mtu akasikia. Nami nikajibu, Mungu anisamehe, kwamba takwimu ndizo zilizoamua.

Hapo shemeji akanyanyuka. Muda wote alikuwa anaikodolea ramani, nikadhani ana uchungu na nyumba ya mama yake, kumbe anatafuta kijiwe. Akasema kijiwe hakimo. Akalalamika, mbele ya halmashauri zote, kwamba wao walizunguka mchana kutwa kwa makubaliano, na wenzao wa malori pia, sasa kamchoro ka pikipiki kako wapi. Yule mama mhesabuji alikuwa safu ya pili. Akasema taratibu, kama mtu aliyekumbuka alipoweka funguo, kofia nyekundu. Watu walicheka mpaka wengine wakatoka nje. Mama mkwe hakucheka. Alikirudisha kipaza sauti, akachukua fimbo, akapita mbele yangu bila kunitazama.

Nilipofika nyumbani nikamweleza mke wangu yote, hata la mwavuli. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema neno moja tu, kwamba siku ile ningevuka barabara.

Alhamisi, 20 Machi

Nimeitwa kwa Mkurugenzi. Hesabu ya kilimani imefutwa. Barabara pana imetolewa kwenye rasimu na vigingi vitang'olewa. Makutano yatahesabiwa tena Alhamisi ijayo, na basi dogo la Rula litapelekwa kwenye kamati ya halmashauri ili lijaribiwe. Cheo kapewa Rula. Mimi nimepewa onyo na mwavuli. Nitahesabu mwenyewe, kimashine mkononi, na yule mama mhesabuji ndiye atakayenisimamia.

Nilijiandaa kwa makaripio. Hayakuja. Aliniuliza tu kama mama yangu mzazi ningemjibu vile, kwamba takwimu ndizo zilizoamua.

Rula akanipa kofia yake ya jua, akasema pale makutano hakuna kivuli cha kutosha. Sikutaka kuichukua. Nimeichukua, kichwa changu hakivumilii jua.

Alhamisi, 27 Machi

Kilimani. Kiti cha plastiki, mwavuli, kimashine. Barabara tupu. Pikipiki mojamoja, baiskeli, mbuzi. Mbuzi hahesabiwi, nilimbofya kwa pupa na mama mhesabuji akanipunguzia. Shemeji alipita na kofia yake nyekundu. Hakunipungia mkono.

Lango likafunguka. Mama, fimbo, mkoba. Leo hakukuwa na kitu cha kumzuia kuvuka. Nikasimama. Maneno ya kumwomba radhi niliyapanga tangu kuamka, yakanikaukia mdomoni yote. Akaja mpaka kwenye mwavuli. Akaniuliza yeye anahesabiwa kama nini. Nikasema mtu mmoja, kwa miguu. Akasema nibofye basi, aone. Nikabofya. Akainama akaisoma namba. Akaniambia hesabu vizuri baba, wengine wako nyuma. Akashuka zake.

Na kweli walikuwa nyuma. Walitoka malango mengine mmoja mmoja, wazee na fimbo zao, mama mjamzito, mtu mwenye bandeji mguuni. Tangu nioe nimekuwa nikija kilimani na sijawahi kuwaona, au niliwaona nikiwa ndani ya gari, vioo juu. Niliwabofya wote. Machozi yakanitoka. Nikamwambia mama mhesabuji ni vumbi. Akasema leo hakuna vumbi.

Jumapili, 30 Machi

Kwa mama mkwe, chakula cha mchana. Kiti cha mikono kimekaliwa. Na Rula! Mama kamwalika aje ashukuriwe. Kajiachia humo, mikono juu ya mikono ya kiti, rula mfuko wa shati. Mimi stuli ya jikoni, karibu na mlango, nampisha kila anayepita na sahani.

Mama alinipakulia kama wengine, hata akaniongezea. Hakunisema. Ningependa angenisema. Kigingi hakipo tena uani, limebaki kashimo, na benchi lake refu halina mtu. Kila mmoja alikuwa mwema kwangu na hicho ndicho kilichoniumiza kuliko vyote. Baada ya chakula Rula akaniambia nije nikae kidogo kwenye kiti, yeye kakaa vya kutosha. Nilikataa kwa heshima. Moyoni hapakuwa na heshima yoyote.

Ijumaa, 11 Aprili

Kamati imelipitisha. Basi dogo limeanza majaribio. Mama amelihamishia benchi lake nje ya lango na basi linasimama hapo hapo. Mlangoni kabisa, kama nilivyosema siku ile, ingawa hakuna anayelikumbuka hilo. Jana alikwenda kliniki amekaa dirishani. Alimpigia mke wangu simu akiwa humo humo ndani kumwambia tu kwamba amekaa. Mke wangu akalia. Mimi nilikwenda kunawa uso.

Sasa liko hivi. Alhamisi ijayo wahesabuji watapanda ndani ya basi kuhesabu abiria, na kwa takwimu hizo kamati itaamua libaki au liondolewe. Rula anasema wale wazee wa kliniki wanatosha kabisa, tuliache basi lijitetee lenyewe. Rula haijui dunia. Kamati haitaki wanaotosha, inataka kuona basi limejaa. Likiondolewa, Mama atarudi kwenye kuta za watu, na safari hii kosa litakuwa la kukaa kimya wakati nina uwezo wa kusaidia. Aibu hiyo siitaki tena.

Nimejifunza. Pikipiki hapana. Malori hapana. Kosa langu lilikuwa kuleta vyombo badala ya watu, hata kompyuta ilisema. Safari hii ni watu watupu. Nimepatana na shemeji, na amekubali kuleta kijiwe kizima, pamoja na wale wa mchanga. Watapanda basi la kwanza la asubuhi, watazunguka nalo juu na chini mpaka jioni, na nimewasisitiza wasishuke hata kidogo. Kofia nyekundu ataiacha nyumbani, nimemwapisha. Mama hajaambiwa, itakuwa zawadi yake. Basi lenyewe ni dogo, vijana ni wengi, na nimeshawapangia mmoja mmoja pa kukaa, kuanzia dirishani. Alhamisi hiyo hapatabaki kiti hata kimoja.